Maswali ya Ujenzi: Bwawa la kuogelea nyumbani, kibali cha nini tena?

Mwezi huu barua zenu karibia zote ni za mabwawa, sijui ni hili joto au ni zile video za watu wanaogelea majumbani kwao, basi nimechagua zenye kitu cha kujibu na zinazofanana nimezijibu kwa pamoja. Zile za "bei gani kwa jumla" nimeziacha. Bila kuona kiwanja siwezi kukutajia bei, na anayekutajia kwenye simu anakubahatisha tu.

Kaka habari za kazi. Nina nyumba Goba, nimehamia mwaka wa tatu huu na kibali cha nyumba ninacho. Watoto wamenililia suimingi puli nikaona sawa, nikapata fundi, akasema bwawa ni shimo tu kibali cha nyumba kinatosha. Siku ya pili ya kuchimba mwenyekiti wa mtaa kaja, kasema simamisheni leteni kibali. Fundi anasema huyo anataka hela ya soda nimpe yaishe. Bwawa ni mita 4 kwa 8, upande wa watoto kina mita 1, upande wa wakubwa mita 1.8, na mpaka ukuta wa jirani imebaki kama mita moja hivi. Nani mkweli hapa? – Baba Watatu, Goba

Baba Watatu, mwenyekiti ndo mkweli, ila usimpe hela. Yeye hatoi kibali cha ujenzi, kibali kinatoka halmashauri, kwa wewe wa Goba ni Manispaa ya Ubungo. Kazi ya mtaa ni kuona na kutoa taarifa juu, na hapo amefanya kazi yake. Malipo yoyote ya kibali yana namba ya malipo ya serikali na unalipa benki au kwenye simu, ukiona mtu anataka mkononi jua hiyo haina risiti na kesho akija mwingine huna cha kumuonyesha.

Sasa hili la "bwawa ni shimo tu" nimelisikia kwa mafundi mpaka nimechoka. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inasema huendelezi ardhi ya mjini bila idhini ya mamlaka ya mipango, na kuendeleza ardhi siyo kusimamisha nyumba peke yake, kuchimba na kujenga chini ya ardhi nako kumo. Kibali chako cha nyumba kinahusu kile kilichochorwa kwenye ramani ile waliyoigonga muhuri. Kaitoe hiyo ramani uangalie ule mchoro wa kiwanja kizima, kama bwawa limechorwa pale na vipimo vyake uko salama, kama halipo basi bwawa hilo halina kibali hata kama nyumba inacho. Hiyo tu. Ndo maana huwa nawaambia wanaoanza kujenga, kama una ndoto ya bwawa lichore tangu mwanzo hata kama hela itapatikana baada ya miaka kumi, halafu ukishaanza kulijenga hakikisha kibali hakijaisha muda.

Kwa wewe ambaye ushajenga, unapeleka maombi mapya. Siku hizi yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Andaa uthibitisho kwamba kiwanja ni chako, risiti ya kodi ya ardhi, ramani ya bwawa iliyochorwa na mtaalamu aliyesajiliwa, na michoro ya mhandisi inayoonyesha unene wa zege na nondo. Hapo kwenye uthibitisho ndo watu wengi wa Goba, Salasala na Kinyerezi wanakwama kwa sababu walinunua kwa karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa na kiwanja hakijapimwa, kama na wewe ni hivyo anza na urasimishaji kwanza, yaani kiwanja kipimwe na kitambulike rasmi, ni safari ndefu kidogo lakini hamna njia ya mkato hapo. Na kazi ya zege la kushika maji mpe mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, jina lake muombe ukalihakiki mwenyewe.

Lakini kaka, kilichonishtua kwenye barua yako siyo kibali, ni ile mita moja. Tupige hesabu. Bwawa kina mita 1.8, weka sakafu ya zege sentimita 20 na ile zege nyepesi ya chini sentimita 5, umechimba mita 2.05. Msingi wa ukuta wa fensi mara nyingi haushuki zaidi ya sentimita 60. Maana yake unachimba karibia mita moja na nusu chini ya msingi wa jirani, halafu uko mita moja tu kutoka kwake. Kanuni ya haraka ya site ni kwamba kadiri unavyoshuka chini ya msingi wa mtu ndivyo unavyotakiwa kuwa mbali nao, yaani mita 1.45 chini uwe angalau mita 1.45 mbali, na kwenye mchanga au udongo uliolowa uongeze. Goba ni miinuko, kama jirani yuko juu yako ukuta wake unaweza kukushukia shimoni na mafundi wako wakiwa ndani. Mchoraji aliyesajiliwa asingekuchorea bwawa hapo, angeligeuza uweke kina kirefu upande wa nyumba yako, tena napo angeangalia msingi wa nyumba, au angekwambia mita 1.4 inatosha, watu wazima wangapi wa familia yako wanapiga mbizi kweli?

Kwa hiyo simamisha leo. Shimo lililo wazi liwekee mabanzi na utepe kuzunguka, na kama mvua zimekaribia rudishia udongo upande wa jirani ukiwa unasubiri majibu. Ukiendelea usiku kwa usiku kama fundi wako atakavyokushauri, utakuja kuamka umepigwa X nyekundu ukutani, ile alama ya kubomolewa.

Dada/kaka mwandishi, mimi sina bwawa ila jirani yangu analo, amesafiri muda mrefu maji yamekuwa kijani, na kabla hajasafiri alikuwa akisafisha anayatoa kwenye mtaro yanakuja mpaka getini kwangu na migomba imekauka. Tuna mbu hatari. Nianzie wapi? – Mama wa Mbezi Beach

Pole mama. Anzia ofisi ya kata, omba kuonana na afisa afya, wengi bado tunamwita bwana afya hata akiwa mwanamke. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kuingia kwenye eneo linalozalisha mbu na kumtaka mwenye nyumba alisafishe. Usiende na maneno matupu, piga picha za maji hayo na za mtaro, andika barua fupi, nakala moja wagongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Dar tumeshapitia dengue 2014 na tena 2019, na mbu wa dengue anang'ata mchana, anapenda maji yaliyotulia karibu na watu, kwa hiyo kitu unacholalamikia siyo roho mbaya wala wivu wa bwawa.

Hayo maji ya kusafishia nayo yana tatizo lake. Mtu akiosha kichujio cha bwawa yanatoka maji machafu yenye klorini, na klorini hiyo hiyo inayoua vijidudu huenda ndiyo iliyokumalizia migomba. Yanatakiwa yaende kwenye shimo lake la kunyonya ndani ya kiwanja chake, au yaachwe siku kadhaa bila kuongezwa dawa mpaka klorini iishe ndo yamwagwe taratibu. Mtaro wa barabarani ni wa mvua. Kwenye ombi la kibali lazima mchoro uonyeshe maji hayo yanakwenda wapi, kwa hiyo muombe afisa afya aende na mtu wa mipango miji waangalie kama jirani yako ana huo mchoro, mara nyingi hana.

Kama una namba ya jirani mpigie kwanza lakini. Pengine kijana aliyeachiwa nyumba hajui hata pampu inawashwaje.

Habari. Nina kiwanja Kigamboni, kimepakana na ufukwe kabisa. Nataka bwawa liwe mbele liangalie bahari. Fundi kasema maji ya chini yako karibu ila atatumia simenti nyingi. Naomba ushauri. – Mpenda Bahari

Kabla ya simenti, chukua tepu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya pale, na inagusa bahari, ziwa, mto na bwawa la kuhifadhi maji. Najua utaniambia mbona wenzio wamejenga mpaka mawimbi yanapiga kwenye taa zao, wapo kweli, na wengine wana kesi wengine wanasubiri zamu. Wewe nenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, na kwa mipango miji wa Manispaa ya Kigamboni na hati yako, waulize mstari wa mita 60 unapita wapi kwenye kiwanja chako, wakupe majibu kwa maandishi. Kama kiwanja kizima kiko ndani ya mstari ni bora ujue leo.

Na hilo la maji ya chini, simenti nyingi haisaidii chochote. Tuchukue bwawa lile lile la Goba, mita 4 kwa 8. Zege lake lote, sakafu na kuta za sentimita 20, lina uzito wa kama tani 30 na kitu. Siku ukilitoa maji yote ulisafishe wakati wa masika, maji ya ardhini yamepanda mpaka juu, yanalisukuma kwa nguvu ya tani 50 na ushee. Bwawa linaelea kama mtumbwi. Linanyanyuka, mabomba yanakatika, vigae vinapasuka na kulirudisha haiwezekani, unavunja. Dawa yake mhandisi ndo anaijua, kuna kuongeza uzito wa sakafu na kuitoa nje ya kuta ili udongo uikandamize, kuna kuweka valvu sakafuni inayoruhusu maji ya chini kuingia kabla hayajalinyanyua, na kuna kulijenga nusu juu ya ardhi. Lazima achimbe shimo la majaribio kwanza aone maji yako kina gani, tena aangalie wakati wa mvua, siyo mwezi wa tisa.

Kwenye pwani ya namna hiyo usilitoe maji bwawa lote bila kumuuliza aliyelisanifu. Liandike hilo kwenye mlango wa chumba cha pampu.

Kaka, bwawa langu linapungua maji kila siku fundi anasema ni jua. Bili ya DAWASA imepanda mpaka aibu, nawaza kuchimba kisima. Kisima nacho kina kibali? – Msomaji wa Tegeta

Jua linachukua kweli, ila lina kiasi chake. Kwa hali ya hewa yetu weka milimita 4 mpaka 5 kwa siku, bwawa la mita za mraba 32 hiyo ni kama lita 130 hadi 160. Fanya hivi, chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, ikalishe kwenye ngazi ya ndani ya bwawa maji ya nje yafike karibu na mdomo wake, weka jiwe ndani isielee. Chora mstari kwa kalamu ndani ya ndoo usawa wa maji, na mwingine nje ya ndoo usawa wa bwawa. Siku hiyo watu wasiogelee na pampu izimwe. Kesho yake angalia, kama mistari yote imeshuka sawa ni jua, kama wa nje umeshuka zaidi ni bwawa linavuja na fundi anakuzungusha. Na likivuja usilichukulie poa, maji hayo yanaingia kwenye msingi wa mtu, pengine wako.

Kisima cha kuchimba kwa mashine kina kibali, tena siyo cha manispaa. Kiko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na kwa Dar unakwenda Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na mchimbaji awe na leseni ya Wizara ya Maji. Pima na chumvi kabla ya kusherehekea, visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi na hiyo inakula pampu na ngazi za chuma. Na mgao ukija, kama ule wa 2022 Ruvu ilipopungua, tafadhali usijaze bwawa kwa maji ya bomba. Bwawa kama la Goba lina lita 45,000 karibia, hizo ni boza nne na nusu za lita elfu kumi, mtaa mzima utakuwa unazihesabu zikiingia getini kwako.

Hujambo, mimi niko Nyali, Mombasa. Huku kwetu kibali ni cha nani, kaunti ama NCA? Contractor ananiambia tuanze tu karatasi zitafuata. – Msomaji wa Nyali

Ni wote wawili, na karatasi zinatangulia. Ruhusa ya kujenga inatoka kaunti, kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Ukianza bila ruhusa ukashtakiwa, faini inafika shilingi laki tano za Kenya au kifungo kisichozidi miezi miwili, ama vyote. Zuri la sheria hiyo ni kwamba kaunti ikikaa kimya siku 60 bila kukujibu kwa maandishi, inahesabika umekubaliwa, kwa hiyo tunza ushahidi wa tarehe uliyowasilisha. Ukishapata ruhusa ndo mradi unasajiliwa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi ya Kenya, na huyo contractor awe kwenye orodha yao. Kisima ni WRA, mamlaka ya rasilimali za maji. Na kama uko kwenye estate yenye kamati soma yale makubaliano mliyosaini, kuna estate zinakataza kabisa na kaunti haitakusaidia hapo.

Salaam kutoka Lyon, Ufaransa. Tumenunua nyumba na bustani, mume wangu anataka bwawa dogo tu. Huku nako wana mambo ya vibali? – Mtanzania wa Lyon

Wanayo dada, na mazuri yake yameandikwa wazi. Bwawa lisilozidi mita za mraba 10 kwa kawaida halihitaji kitu, kuanzia 10 mpaka 100 unapeleka taarifa ya awali ofisi ya meya, zaidi ya 100 ni kibali kamili. Lakini uliza ofisi ya meya kwanza, kama mko karibu na jengo la kihistoria masharti yanabana. Halafu kuna sheria ya tarehe 3 Januari 2003, bwawa lililochimbwa ardhini hata kama ni nusu tu lazima liwe na kinga dhidi ya watoto kuzama, unachagua uzio, kengele, kifuniko au banda la kulifunika. Usipoweka faini inafika euro 45,000.

Hiyo ya kinga nawaomba hata nyie wa Goba na Nyali muisome mara mbili. Uzio kuzunguka bwawa lenyewe, siyo ukuta wa kiwanja maana mtoto wa nyumbani yuko ndani ya ukuta tayari. Kimo cha mita 1.2 kwenda juu, nguzo zisiwe na pa kukanyagia, geti lijifunge lenyewe na kitasa kiwe juu asipofika mtoto. Mkandarasi akikuletea makadirio yana taa za rangi na maporomoko ya maji lakini uzio haumo, muulize.

Bwawa likiisha kodi ya jengo itapanda? – Fupi tu, Tabata

Bwawa halina kiwango chake. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, nyumba ya kawaida 18,000 kwa mwaka kuanzia Julai 2023, yaani 1,500 kila mwezi. Kitakachopanda ni umeme wenyewe, pampu inazunguka saa kadhaa kila siku.

Mimi sina hela za zege. Nimenunua lile bwawa la plastiki la fremu, la duara, upana mita 3, kimo sentimita 76. Tunaishi ghorofa ya kwanza tuna roshani kubwa nzuri. Hilo nalo linataka kibali? – Mama Mapacha, Kinondoni

Mama Mapacha, kwa hilo hutaulizwa kibali, ila roshani hapana. Ukilijaza sentimita 70 lina kama lita 4,950, yaani tani tano, na kila mita ya mraba inabeba kilo 700. Roshani za nyumba za kuishi zinasanifiwa kwa kilo mia mbili hadi mia nne hivi kwa mita ya mraba, hapo na fanicha na wageni wamo. Muombe mwenye nyumba nafasi uani, pafagieni kokoto zote mtandike turubai chini, na muwe mnayabadilisha maji, hayo ya kumwaga mkoshee uwanja. Watoto wakitoka tu mtoe na ngazi yake muiweke ndani.